NANI ABAKI, NANI AACHWE?
Hesabu za timu ya daftari baina ya msimu na msimu

Wanafunzi wengi wa skuli yetu ya hapa Micheweni, na baadhi ya wazee wao, wameniuliza mara kwa mara: imekuwaje timu yangu, ambayo katika Ligi ya Daftari ya msimu wa 2023/24 ilikuwa ya mwisho kabisa, ikapanda hata nafasi ya tatu msimu uliofuata? Wengine husema nilipata bahati. Bahati ilikuwapo, wala siikatai. Lakini kazi kubwa ilifanyika katika miezi ile ambayo mpira hauchezwi. Katika somo hili nitaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, pamoja na makosa yangu mawili. Kosa la mwalimu likielezwa vizuri, aghalabu humfaa mwanafunzi kuliko jibu sahihi lililoandikwa ubaoni.

MCHEZO WENYEWE

Kwa faida ya wasioujua, Ligi ya Daftari ni mchezo wa hesabu unaofuata mpira wa kweli. Zipo timu 8 za wanafunzi na walimu. Kila timu huwa na wachezaji 11 waliochaguliwa katika vilabu vya Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Wachezaji hao hawatujui. Wao wanacheza kwao Dar es Salaam, Mwanza au Singida, nasi tunasikiliza redio na kusoma magazeti, kisha tunaandika alama katika daftari. Mchezaji akicheza hupata alama 1. Akifunga bao, alama 5. Akitoa pasi ya bao, alama 3. Kipa na mlinzi ambao timu yao haikufungwa, alama 4 kila mmoja. Kadi nyekundu huondoa alama 3.

Kabla ya msimu hufanywa mnada. Kila timu hupewa pishi 100 za karafuu za hesabu, na kila mchezaji huenda kwa timu iliyotaja pishi nyingi zaidi. Bei ndogo kabisa ni pishi 1.

Sasa sikiliza kanuni iliyo roho ya mchezo huu. Msimu ukimalizika, kila timu inaruhusiwa kubaki na wachezaji wasiozidi 4, kila mmoja kwa bei yake ya mwaka jana pamoja na pishi 3. Wengine wote hurudi mnadani. Majina ya wanaobaki huandikwa kabla ya tarehe 30 Juni, na yakishaandikwa hayafutwi.

Mchezo wa namna hii haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1980, mjini New York, mwandishi mmoja aitwaye Daniel Okrent na rafiki zake walianza kununuana wachezaji wa besiboli kwa hesabu, wakauita mchezo wao kwa jina la mkahawa waliokuwa wakila pamoja, La Rôtisserie Française. Baadaye ukaingia katika mpira wa miguu, na Ligi Kuu ya Uingereza ina mchezo wake rasmi wa namna hii tangu 2002. Huo huchezwa kwa simu, na Afrika Mashariki wapenzi wake ni wengi. Sisi tumechagua daftari na kalamu, kwa sababu simu hufanya hesabu yenyewe, na lengo letu ni kwamba mwanafunzi aifanye.

SWALI LA MZAZI

Mwaka wa kwanza wa ligi yetu alinijia mzazi mmoja, mvuvi wa Tumbe, uso umemkunja. Baada ya salamu akasema, "Maalim, sikuja kukugombeza, nimekuja kukuuliza. Nasikia mwanangu amenunua mchezaji kwa pishi 12. Karafuu hizo kazitoa wapi?"

Nikamkaribisha kitini, nikamfunulia daftari. Nikamwonyesha kuwa pishi zetu ni za wino tu. Hapana anayetoa kitu, wala hapana anayepokea kitu. Mshindi huandikwa jina lake katika ubao wa matangazo, basi. Nikamwambia pia kuwa tunayo sharti moja isiyo na msamaha: mwanafunzi atakayeitumia hesabu hii kwa kamari hufutwa siku hiyo hiyo. Mzee yule hakuridhika upesi. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akauliza maana ya kila safu, na alipofika kwenye orodha ya wanaobaki alitulia, kisha akasema:

"Basi kazi yenu hii ni kama yetu wakati wa kusi. Upepo ukichafuka tunavuta vyombo juu na kutandaza nyavu. Wavu ulionipa nguru wengi mwaka jana siuweki kwa ajili ya nguru wale, wameshaliwa. Mimi natazama nyuzi."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani. Maneno yake niliyaona mazuri, lakini, kama utakavyoona, sikuyafuata.

KOSA LANGU LA KWANZA

Katika mnada wa 2022 nilimnunua Fiston Mayele wa Yanga kwa pishi 25. Msimu ule alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora pamoja na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Mwezi wa Juni 2023 nikaandika jina lake la kwanza kabisa katika orodha ya wanaobaki, kwa pishi 28, na furaha yangu haikuwa na mfano. Mwezi wa Julai akahamia klabu ya Pyramids ya Misri. Ligi Kuu yetu hakuicheza tena msimu ule, na pishi 28 zangu zikazama. Mnadani nilikwenda na pishi 72 kwa wachezaji kumi, na kwa hamaki nikatoa 30 kwa mshambuliaji mmoja maarufu. Ndipo tukawa wa mwisho.

Mtu atasema kuondoka kwake hakukuweza kujulikana. Ni kweli kuwa siku haikujulikana, lakini hatari yenyewe ilikuwa wazi, maana mfungaji mkubwa hutafutwa na klabu zenye fedha. Na tuseme angebaki, je, angefunga tena vile vile? Hebu tuwatazame wafungaji bora wa Ligi Kuu Bara katika misimu 7:

2018/19: Meddie Kagere, Simba, mabao 23
2019/20: Meddie Kagere, Simba, mabao 22
2020/21: John Bocco, Simba, mabao 16
2021/22: George Mpole, Geita Gold, mabao 17
2022/23: Mayele na Ntibazonkiza, mabao 17 kila mmoja
2023/24: Stephane Aziz Ki, Yanga, mabao 21
2024/25: Jean Charles Ahoua, Simba, mabao 16

Katika misimu 7 kuna nafasi 6 za mfungaji bora kulirudia jina lake msimu unaofuata. Kagere peke yake ndiye aliyefanya hivyo, mara 1 katika 6. Sisemi kuwa wengine walikuwa wabaya. Nasema kuwa aliye juu kabisa mwaka huu amefika huko kwa uwezo wake pamoja na mambo yaliyomwendea vizuri, na mwakani uwezo waweza kubaki lakini mambo yale yasirudi yote. Kwa hiyo anayemlipia mchezaji bei ya mwaka wake bora kabisa, aghalabu hulipa zaidi ya atakachopata. Mabao ya mwaka jana ni nguru walioliwa.

HATUA YA KWANZA: PISHI MOJA YANUNUA NINI?

Mwaka 2024, timu yangu ikiwa mkiani, nilianza upya kama mwanafunzi. Yatupasa kwanza kujua thamani ya pishi yenyewe. (Nambari nitakazotumia nimezikatakata ziwe nyepesi kwa somo, na wachezaji nimewapa herufi, ili wapenzi wa Simba na Yanga wasije wakagombana juu ya gazeti letu.)

Timu 8 mara pishi 100 ni pishi 800. Wachezaji wanaonunuliwa ni 8 mara 11, yaani 88. Alama za wote 88 kwa msimu ni 7,080.

Wengi hugawanya 7,080 kwa 800 na kuridhika. Hilo ni kosa, kwa sababu mchezaji wa kawaida, ambaye waweza kumpata kwa pishi 1 bila mtu kushindana nawe, naye huleta alama kiasi cha 40. Hizo 40 ni kama maji ya kisima: kila mtu anazo, basi hapana haja ya kuzilipia. Tunacholipia ni kile kinachozidi hapo.

Alama za wachezaji wa kawaida 88: 88 × 40 = 3,520.
Alama zinazozidi: 7,080 − 3,520 = 3,560.
Pishi zinazobaki baada ya kumlipia kila mchezaji pishi 1: 800 − 88 = 712.
Basi pishi 1 yanunua alama: 3,560 ÷ 712 = 5.

Kwa hiyo thamani ya mchezaji yeyote twaipata hivi: toa 40 katika alama zake, gawanya kwa 5, kisha ongeza 1.

HATUA YA PILI: MAKADIRIO YA MWAKANI

Alama tunazotia katika hesabu hiyo si za mwaka jana, bali zile tunazozitarajia mwakani. Hapana ajuaye ya kesho ila Mwenyezi Mungu. Sisi twakisia tu, lakini makisio yawe na msingi. Kanuni yangu ni kuchukua wastani wa miaka mitatu. Hawa ndio wachezaji wangu watano waliostahili kufikiriwa:

A, mshambuliaji maarufu: 90, 90, 150. Wastani 110.
E, mshambuliaji wa pili: 110, 100, 105. Wastani 105.
C, mlinzi: 85, 80, 90. Wastani 85.
K, kipa: 75, 85, 80. Wastani 80.
B, kiungo kijana: hana miaka mitatu. Alicheza michezo 15 tu, akapata alama 60, yaani 4 kwa kila mchezo.

Tazama A na E. Mwaka jana A alimzidi E kwa alama 45, na watu wote walikuwa wakimtaja A. Kwa wastani anamzidi kwa 5 tu. Ama B, msimu una michezo 30, lakini sikumpa yote 30. Michezo 15 ni michache kumjua mtu, na kijana huumia au hukaa benchi. Nikampa 25, na 25 mara 4 ni 100.

HATUA YA TATU: ZIADA

Sasa twalinganisha thamani na bei ya kumbakisha. Tofauti yake ndiyo ziada.

A: thamani 15, bei 30 + 3 = 33. Hasara 18.
E: thamani 14, bei 12 + 3 = 15. Hasara 1.
C: thamani 10, bei 6 + 3 = 9. Ziada 1.
K: thamani 9, bei 1 + 3 = 4. Ziada 5.
B: thamani 13, bei 4 + 3 = 7. Ziada 6.

Mwanafunzi ajifunze hapa jambo kubwa. A ndiye mwenye thamani kuliko wote watano, naye ndiye anayestahili kuachwa kwanza. Kumwacha si kumdharau. Anarudi mnadani, na bei yake ikishuka twaweza kumnunua tena. Kumbakisha kwa 33 ni kupoteza pishi 18, na pishi 18 mara alama 5 ni alama 90. Yaani tungeanza msimu tukiwa nyuma kwa alama 90 kabla ya mpira kupigwa.

Basi nikaandika ubaoni: wabaki B, K na C, waachwe A na E. Gharama ya wanaobaki ni 7 + 4 + 9 = 20, na thamani yao 13 + 9 + 10 = 32. Nikaweka chaki chini, nimeridhika.

KOSA LANGU LA PILI

Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye mwaka wa kwanza alikuwa hajui hata kipa husimama wapi, akanyoosha mkono.

"Samahani, Maalim. Timu zote 8 zimebakisha watu kwa bei nafuu. Sasa mnadani zitabaki pishi ngapi, na wachezaji wa thamani ya pishi ngapi?"

Nikataka kumjibu, nikaona sina jibu. Nikampa chaki. Yeye akajumlisha orodha za timu zote zilizokuwa zimeandikwa pale: gharama ya wote wanaobaki ilikuwa pishi 160, na thamani yao 256. Kisha akaandika:

Pishi zitakazokwenda mnadani: 800 − 160 = 640.
Thamani ya wachezaji watakaokuwa mnadani: 800 − 256 = 544.
640 ÷ 544 = 1.18, kwa kukadiria.

"Pishi ni nyingi kuliko bidhaa," akasema, "basi bei zitapanda. Kitu cha pishi 1 kitauzwa kwa pishi 1 na sehemu 18 za mia. E wa 14 mnadani atafika 16 na nusu. Sisi tunaweza kumbakisha kwa 15. Kwa nini tumwache?"

Darasa zima likanitazama mimi. Nikarudia hesabu yake mara mbili, nikaiona sawa. Ni jambo wanalolijua wauza samaki wote wa Tumbe: siku wanunuzi wamejaa na samaki ni wachache, bei haitazami thamani ya jana. Nikafuta jina la E katika safu ya wanaoachwa, nikaliandika katika safu ya wanaobaki. Tukamjaribu na A pia: 15 mara 1.18 ni pishi 17 na nusu na kitu kidogo. Hata bei zikipanda, jina lake halifiki 33. Huyo akaachwa.

Hivyo tukabaki na wanne kwa pishi 35, tukaenda mnadani na pishi 65 kwa wachezaji saba.

KAZI YA MIEZI MITUPU

Hesabu peke yake haitoshi. Baina ya msimu na msimu yako mambo ambayo nambari za zamani haziyajui, nayo yafaa yaulizwe kila wiki na kuandikwa:

1. Je, mchezaji anahama? Mfano wa Mayele unatosha. Siku hizi siandiki jina la mfungaji mkubwa katika orodha mpaka siku ya mwisho inayoruhusiwa.

2. Je, klabu imemletea mshindani wa nafasi yake? Mchezaji mzuri anayekaa benchi hupata alama sawa na mimi ninayekaa skuli.

3. Ana umri gani? Kijana aliye chini ya miaka 23 yaweza kuwa bado anapanda, na aliyepita 32 yaweza kuwa anashuka. Hii si sheria, maana Kagere alikuwa amepita miaka 30 alipokuwa mfungaji bora mara mbili. Ni sababu ya kutazama kwa makini tu.

4. Mabao yake ni ya namna gani? Mpiga penalti hupata mabao mengi kwa kazi aliyopewa, na kazi hiyo kocha mpya aweza kumpa mwingine.

5. Je, nampenda kwa sababu ya klabu yake? Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na kila mtu ajiulize peke yake, kalamu ikiwa mkononi.

MATOKEO

Msimu wa 2024/25 tulishika nafasi ya tatu. E alifanya kama tulivyokadiria, na kipa alizidi kidogo. Kijana B, niliyemtumainia kuliko wote, aliumia na kukosa michezo mingi. Uamuzi wa kumbakisha nauona kuwa ulikuwa sawa, na mwakani ningeufanya tena. Uamuzi mzuri waweza kuleta matokeo mabaya, kama uamuzi wangu wa 2023 ungeweza kuleta mazuri kwa bahati tu. Timu ya binti yule ilikuwa ya pili, juu yangu, na haachi kunikumbusha. Najipoza kwa habari kwamba hata Okrent mwenyewe, aliyeuanzisha mchezo, husimuliwa kuwa hakuwahi kushinda.

Yule mvuvi wa Tumbe tulionana tena sokoni. Akauliza, "Maalim, msimu huu umetazama nyuzi?" Nikamjibu, "Safari hii nimezitazama, baba, tena nimesaidiwa." Mwanawe bado yumo katika ligi, na mtihani wake wa hesabu, mzee alinieleza mwenyewe, aliupita.

MAZOEZI

Tumia kanuni zilizoelezwa katika somo.

1. Mchezaji F alinunuliwa kwa pishi 8. Alama zake za miaka mitatu ni 70, 80 na 75. Bei za mnadani zikiwa zimepanda kwa 1.18, je, abaki au aachwe?

2. Mchezaji G alinunuliwa kwa pishi 2. Alicheza michezo 10, akapata alama 30. Ukimkadiria michezo 25 mwakani, ziada yake ni ngapi? Eleza kwa nini usiiamini sana nambari hiyo.

3. Ikiwa timu zote 8 zimebakisha wachezaji wa thamani ya pishi 200 kwa gharama ya pishi 200, bei za mnadani zitapanda kwa kiasi gani?

Majibu: (1) Wastani 75, thamani 8, mnadani atafika 9.4, na bei ya kumbakisha ni 11. Aachwe. (2) Makadirio ni alama 75, thamani 8, bei 5, ziada 3. Lakini michezo 10 ni michache mno kumpima mtu. (3) 600 ÷ 600 = 1; hazitapanda.